Vyeti ni majani, matunda yako wapi?

Somo: Luka 13:6–9



Katika somo letu la leo Yesu anasimulia habari za mtu aliyepanda mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu alikwenda kuutazama kama umezaa, na kila mara alirudi mikono mitupu. Mwisho akamwagiza mtunza shamba aukate, kwa kuwa ulikuwa unachukua ardhi bila faida. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuuwekea samadi. Ukizaa, vema. Usipozaa, ukatwe.

Tumezoea kulihubiri somo hili kwa habari ya toba, na ni haki, kwa sababu ndivyo sura hiyo inavyoanza. Leo naomba tutulie kwenye jambo moja dogo ambalo hupita haraka tunaposoma: mwenye shamba alikwenda kutazama. Hakuridhika kusikia kwamba mti umepandwa. Hakuridhika kuona majani mabichi. Alikwenda mwenyewe, akainua matawi, akatafuta tunda. Na alifanya hivyo kila mwaka.

Mti ninaotaka tuukague leo umepandwa katika viwanja vya makanisa yetu. Zunguka Temeke, kuanzia Tandika na Yombo hadi Mbagala, Chamazi na Mbande. Nenda Kinondoni, kuanzia Mwananyamala na Tandale hadi Tegeta na Bunju. Utakuta sharika, parokia na makanisa ya kiroho mengi yameendesha au yanaendesha mafunzo ya kazi: ushonaji, mapishi, saluni, kompyuta, upambaji wa kumbi, sabuni ya maji, batiki, umeme wa majumbani. Darasa hufunguliwa kwa sala na hufungwa kwa mahafali. Wahitimu huvaa joho, mgeni rasmi hugawa vyeti, mwimbishaji huanzisha pambio, wazazi hulia kwa furaha. Risala husomwa ikitaja idadi ya wahitimu. Jumapili inayofuata hutangazwa fomu za darasa jipya.

Je, mpendwa, umewahi kusikia katika matangazo ya kanisa lako habari za wahitimu wa mwaka juzi? Wangapi wana kazi? Wangapi wanashona? Wangapi waliuza cherehani ili kulipa kodi ya chumba? Idadi ya vyeti ni majani. Tunda ni mtu anayekula kwa kazi ya mikono yake mwaka mmoja baada ya mahafali. Nasema hivi kwa heshima kwa wote wanaojitoa kufundisha: kanisa lisilojua walipo wahitimu wake wa jana halipaswi kufungua darasa la kesho.

Gharama ya mti usiozaa

Pengine utasema, kuna ubaya gani? Hata kama kijana hakupata kazi, si amepata ujuzi? Hajapoteza kitu.

Amepoteza. Fikiria binti wa Mbagala anayeuza maandazi asubuhi na kusuka nywele jioni. Anasikia tangazo la mafunzo ya miezi sita, naye anaamini kwamba sasa Mungu amefungua mlango. Anaacha maandazi, kwa sababu darasa ni asubuhi. Kila siku anatafuta nauli ya daladala. Mama yake anaingia kwenye kikoba kukopa ada na vitambaa vya mazoezi. Baada ya miezi sita ana cheti, lakini hana cherehani. Wateja wake wa maandazi wamekwishazoea kununua kwa mwingine. Deni la kikoba linadai. Mwaka unaofuata anasikia tangazo la mafunzo ya mapishi, naye anajiandikisha tena. Wapo vijana katika mitaa yetu wenye vyeti vitatu na bila kazi hata moja.

Kuna gharama nyingine mbaya kuliko nauli. Kijana huyo asipofanikiwa, sisi waumini tuna maneno tayari. Tunasema hana bidii. Tunasema vijana wa siku hizi wanapenda vya rahisi. Wengine wetu tunasema imani yake ni ndogo, au kuna kifungo cha ukoo kinachomzuia. Hatusemi hata siku moja kwamba huenda mafunzo yetu ndiyo yaliyoshindwa. Tunampa mtu chombo kibovu, kisha tunamlaumu kwa kushindwa kulima. Kumbebesha maskini lawama ya kosa la mpango wetu ni dhambi, hata ikifanyika kwa nia njema.

Tena fedha zinazotumika ni za watu. Katika kanisa ni sadaka, na sehemu ya sadaka hiyo imetoka kwa mjane. Upande wa Serikali nako jasho ni letu. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi nchini, ambayo ina chuo chake pale Chang'ombe, Temeke. Waajiri wenye wafanyakazi kuanzia kumi hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Ipo pia programu ya Taifa ya kukuza ujuzi, yenye mafunzo ya uanagenzi, ambamo kijana hujifunza darasani na pia kazini. Hizi ni juhudi za kweli na tunazishukuru. Lakini swali la mwenye shamba linaihusu Serikali kama linavyolihusu kanisa: matunda ni mangapi?

Na watu wanaongoja matunda hayo si wachache. Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Temeke peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.3, na Kinondoni ilikaribia milioni moja. Vijana wengi wa maeneo hayo hawaajiriwi kwa barua. Wanaishi kwa deiwaka, kwa bodaboda, kwa kibanda na kwa ufundi. Kwao mafunzo mazuri ni chakula, na mafunzo mabovu ni njaa iliyocheleweshwa.

Kuhesabu kwa upendo

Najua kuna mzee wa kanisa anayesoma hapa na moyoni anasema: mbona Daudi aliadhibiwa kwa kuhesabu watu? Ni swali zuri. Lipo katika 2 Samweli 24. Lakini angalia Daudi alihesabu nini. Alihesabu mashujaa wa vita ili ajue ukubwa wa nguvu zake. Hesabu hiyo ilikuwa ya kujisifu, na kwa kusema kweli inafanana sana na idadi tunayoisoma kwenye risala za mahafali.

Biblia ina hesabu ya namna nyingine. Mchungaji wa Luka 15 asingejua kwamba kondoo mmoja amepotea kama asingehesabu hadi tisini na tisa. Katika Luka 17 Yesu aliwaponya wenye ukoma kumi, na aliporudi mmoja kushukuru, Bwana aliuliza habari za wale tisa walikokwenda. Hakuridhika na yule mmoja aliyesimama mbele yake akitoa ushuhuda. Nasi tuna desturi ya kumwita mhitimu mmoja aliyefanikiwa, tukamweka mbele ya kanisa, akashuhudia, tukapiga vigelegele. Ushuhuda wake ni wa kweli. Lakini wale tisa wako wapi? Na Mithali 27:23 inamwagiza mfugaji ajue vizuri hali ya wanyama wake. Kutojua hali ya kundi si unyenyekevu. Ni uzembe.

Mwingine atanukuu 1 Wakorintho 3 na kusema kazi yetu ni kupanda na kumwagilia, kukuza ni kwa Mungu. Amina. Lakini katika sura hiyo hiyo Paulo anasema kazi ya kila mjenzi itapimwa kwa moto, kujulikana kama alijenga kwa dhahabu au kwa nyasi. Paulo huyo alikuwa fundi mahema, na kule Korintho alifanya kazi hiyo pamoja na Akila na Prisila. Fundi anajua kwamba hema hupimwa siku ya mvua.

Waliokagua wameona nini

Mpendwa msomaji, wapo watu duniani waliofanya kazi ya yule mwenye shamba. Waliwafuata waliofunzwa miaka kadhaa baadaye, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakufunzwa. Walichokiona kinafaa tukijue.

Mwaka 2017 mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya matokeo ya tafiti za namna hiyo kutoka nchi zinazoendelea. Kwa wastani, katika kila watu 100 waliopewa mafunzo ya ufundi, walioongezeka kupata kazi kwa sababu ya mafunzo yenyewe walikuwa kama wawili au watatu tu. Usinielewe vibaya. Wenye kazi walikuwa wengi kuliko hao, ila wengi wao wangepata kazi hata bila darasa. Jambo hilo lisitukatishe tamaa, lituondolee usingizi. Linatuambia kwamba mafunzo yanayoachwa yajiendee yenyewe huzaa kidogo kuliko tunavyotangaza.

Jirani zetu Uganda wametuonyesha pia yanayosaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia vijana waliofunzwa ufundi kwa namna mbili. Wengine walisoma chuoni kwa miezi sita, wengine walipelekwa moja kwa moja kwenye karakana na biashara ndogo wakajifunzia kazini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko wale ambao hawakufunzwa. Mwanzoni waliojifunzia kazini walitangulia kupata ajira. Baada ya muda waliosoma chuoni waliwapita, kwa sababu walikuwa na ujuzi na cheti kinachotambulika kwa mwajiri yeyote. Walipopoteza kazi moja waliweza kupata nyingine. Mwenzao aliyefunzwa na bosi mmoja alikuwa anajulikana kwa bosi huyo tu.

Kaskazini mwa Uganda, Serikali iliwapa vijana katika vikundi ruzuku ya fedha, wastani wa karibu dola 400 za Marekani kwa kila mmoja, wajitafutie mafunzo na kununua vifaa. Sehemu kubwa ya fedha walinunulia vifaa. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao waliokosa ruzuku. Hata hivyo watafiti hawakuishia hapo. Walirudi baada ya miaka tisa na kukuta wale waliokosa wamewafikia katika kipato. Kwa hiyo vifaa vilimsaidia kijana kuanza mapema, na miaka kadhaa ya kula vizuri na kusomesha watoto si jambo dogo. Lakini hata tunda zuri lina msimu wake, na anayerudi kutazama ndiye anayejua.

Na magharibi mwa Kenya watafiti waliona kwamba wasichana wengi waliopewa nafasi ya kusoma ufundi walichagua ushonaji na saluni. Wengine walipoelezwa wazi tofauti ya kipato kati ya fani na fani, baadhi yao walianza kuchagua kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume, kama ufundi wa magari. Hapakuhitajika jengo jipya. Walihitaji kuambiwa ukweli.

Kwa nini mtini hauzai

Tukirudi kwenye mitaa yetu, sababu za mti kukosa matunda hazijafichika.

Ya kwanza ni kufundisha kile tulicho nacho badala ya kile kinachohitajika. Kanisa limepewa vyerehani kumi na wafadhili, basi kila mtu atafunzwa kushona. Mtaa tayari una fundi cherehani kila baada ya nyumba chache, na hapo sokoni Tandika nguo ya mtumba inauzwa bei ambayo fundi hawezi kushona kwayo. Tukiongeza mafundi 30 kila mwaka bila kuongeza wateja, tunawagawanya maskini kipande kile kile cha mkate. Kabla ya kufungua darasa, umewahi kumuuliza fundi wa mtaani kwako anapata wateja wangapi kwa wiki?

Ya pili ni mikono mitupu. Yakobo katika waraka wake, sura ya pili, anamkemea anayemwaga baraka za mdomo kwa mwenye njaa na uchi bila kumpa kitu. Kumpa fundi umeme cheti bila koleo, tester na ngazi ni ndugu wa kosa hilo. Elisha alipomsaidia yule mjane katika 2 Wafalme 4, alianza kwa kumuuliza ana nini nyumbani. Kisha akamwambia akaazime vyombo kwa majirani. Halafu akamwelekeza akauze, alipe deni, aishi na wanawe kwa kinachobaki. Tazama hatua hizo: mali aliyo nayo, vyombo, soko, deni, maisha. Sisi mara nyingi tunaishia kwenye somo la kutengeneza mafuta.

Ya tatu ni cheti ambacho hakifiki mbali. Cheti chenye sahihi ya mchungaji na nembo ya kanisa kinapendeza ukutani, lakini meneja wa kiwanda hakijui. Kama walivyoonyesha wale wa Uganda, ujuzi unaotambulika ndio unaotembea. Upo utaratibu wa kusajili vyuo vya watu binafsi na mashirika ya dini, na VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazi mtaani. Nenda Keko uwaone maseremala wanaotengeneza vitanda na makabati mazuri bila kuwahi kukaa darasani. Kanisa lingeweza kumsaidia fundi kama huyo apimwe na kupata cheti cha haki, tena kwa gharama ndogo kuliko kumfundisha upya kijana kwa miezi sita.

Ya nne ni kutokuwa na mahali pa kuonja kazi. Mtu hajifunzi kujadili bei, kuvumilia mteja mkorofi na kumaliza kazi kwa wakati akiwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa. Katika kila usharika wapo waumini wenye gereji, karakana, hoteli, saluni na kampuni za ujenzi. Wanatoa sadaka nzuri, na tunawaombea. Ni lini tuliwaomba wapokee kijana mmoja kwa miezi mitatu?

Namna ya kukagua

Huhitaji kuwa mtaalamu wa takwimu kukagua mti wako. Unahitaji daftari, simu na watu wawili waaminifu. Wapewe majina na namba za wahitimu wote, si wale tunaowapenda tu. Wawatafute baada ya miezi sita, kisha baada ya mwaka mmoja. Waulize maswali machache yanayojibika: Je, wiki iliyopita ulifanya kazi ya fani uliyosomea? Ulipata shilingi ngapi? Kabla ya mafunzo ulikuwa unapata ngapi? Una vifaa vyako mwenyewe? Ni kitu gani kilikukwamisha? Asiyepatikana kwa simu atafutwe kupitia jumuiya yake. Asiyepatikana kabisa aandikwe kwamba hakupatikana, wala asihesabiwe miongoni mwa waliofanikiwa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linalopima kweli. Tuseme walioomba nafasi walikuwa 60 na nafasi zilikuwa 30. Mwaka mmoja baadaye unakuta 18 kati ya waliofunzwa wana kazi. Kanisa litashangilia. Lakini nenda pia kwa wale 30 waliokosa nafasi. Ukikuta 16 kati yao nao wana kazi, basi darasa lako limeongeza watu wawili, wala si 18. Mvua ikinyesha vizuri miti yote ya mtaa huzaa, hata ile isiyowekewa samadi. Ukitaka kujua samadi yako imefanya nini, tazama na mti wa jirani.

Ulinganisho huo unahitaji haki mlangoni. Nafasi zikienda kwa watoto wa wazee wa kanisa na wapwa wa katibu, hao wangefanikiwa hata bila darasa, nawe utadanganyika. Wenye sifa wakizidi nafasi, pigeni kura mbele ya watu wote. Mitume walipokuwa na watu wawili wanaofaa kwa nafasi moja walipiga kura, na ikamwangukia Mathiya, kama tunavyosoma katika Matendo 1. Kura huondoa manung'uniko, na huacha makundi mawili yanayofanana, ili mwakani ujue ukweli.

Matokeo yasomwe kanisani kama tunavyosoma mapato na matumizi. Najua hili linaumiza. Mfadhili atauliza. Mwalimu ataona aibu. Mchungaji ataogopa kwamba watu watavunjika moyo. Lakini waumini wanaoambiwa ukweli hutoa kwa moyo kuliko waumini wanaoonyeshwa picha. Wala tusidharau tunda lisilo la fedha. Kama darasa lilimtoa kijana kijiweni kwenye dawa za kulevya, au lilimrudishia binti ujasiri baada ya kuzalishwa na kutelekezwa, hilo ni tunda, liandikwe. Ila liandikwe kwa jina lake. Tusilitumie kuziba pengo la kazi tuliyoiahidi kwenye tangazo.

Samadi kwanza, shoka baadaye

Sasa ukikuta mti hauna matunda ufanye nini? Hapa ndipo huruma ya yule mtunza shamba inapotufundisha. Hakubishana na ukweli. Hakusema matunda yapo ila hayaonekani. Alikubali kwamba mti haujazaa, akaomba muda, na alipoomba muda alitaja kazi atakayoifanya na siku ya kuhukumu. Nionavyo mimi, kila mpango wa kanisa unaoomba mwaka mwingine ufanye vivyo hivyo: useme samadi yake ni nini na lini utakaguliwa.

Samadi yenyewe iko karibu nasi. Punguza wanafunzi kutoka 30 hadi 15, na fedha inayobaki nunua vifaa vya kuwakopesha. Wapange wahitimu katika vikundi na kuwasindikiza halmashauri, ambako sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijana wa Chamazi hawezi kuandika andiko la mradi peke yake, lakini katika kanisa lake hakosekani mhasibu au mwalimu mstaafu wa kumsaidia Jumamosi mbili. Waumini wenye kazi za kutoa waanze na wahitimu wetu: sare za kwaya, viti vya ukumbi, nyaya za nyumba ya mchungaji, chakula cha semina. Na bei ilipwe kamili, tena kwa wakati. Kumwambia fundi mchanga afanye bure kwa ajili ya Bwana ni kumla samadi yake.

Na baada ya mwaka huo, kama mti bado hauzai, tuwe na ujasiri wa kuukata. Kufunga darasa si kumkana Mungu. Huenda fedha ile ile ikitumika kumlipia kijana mmoja ada katika chuo kinachotambulika ikazaa kuliko darasa letu la watu 30. Ardhi ya shamba ni ya Bwana, na kila mti mkavu unaoachwa kwa sababu ya heshima ya aliyeupanda unanyima nafasi mche ambao ungezaa.

Kwa hiyo, mpendwa, nakuachia kazi ya wiki hii. Kama wewe ni mchungaji, padri, katibu au mzee wa kanisa, chukua orodha ya wahitimu wa mwisho na upige simu kumi. Kama wewe ni mwajiri, zungumza na viongozi wako kuhusu nafasi moja ya mwanagenzi. Kama wewe ni mhitimu ambaye mambo hayakwenda, usijifiche wala usijihukumu. Nenda uwaambie waliokufundisha kilichokukwamisha, maana wewe ndiye unayejua mahali mti unapoumwa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekubali kuitwa fundi seremala kule Nazareti, tupe macho ya kutazama tulichopanda, unyofu wa kusema tulichokiona, na mikono ya kupalilia. Wakumbuke vijana wa Temeke, Kinondoni na jiji lote waliokesha wakitafuta kazi. Usituache tuwape majani pale walipotuomba mkate. Amina.